Sauti ya Mkwaruzo

Walimwita Mkwaruzo, na hakuchukia. Sauti ile aliipata kihalali: miaka kumi na tisa jukwaani, kwenye kumbi zisizo na vipaza sauti, akihakikisha hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa anamsikia akinong'ona. Ndiyo, hata kunong'ona alinong'ona kwa kupaza. Jaribu wewe uone.

Kwenye filamu alianzia chini, chini kweli. Ya kwanza aliigiza maiti, akafokewa kwa kupumua. Ya pili akawa nesi mwenye maneno matatu. Akayatamka kwa nguvu za jukwaani mpaka fundi wa sauti akavua visikizio na kushika masikio. Watu wakacheka mbavu hawana. Yeye akarudi nyumbani, akasimama mbele ya kioo, akajifunza upya kusema na mtu aliye hatua moja tu. Ya nne jirani mmbea, ya sita mama mkwe. Polepole hivyohivyo, mpaka akapewa mhusika mkuu: mama anayemtetea binti yake mahakamani. Akiwa na miaka arobaini na saba! Waliosema jua limemchwea wakaanza kumpigia simu.

Siku ya mwisho ya kurekodi, mdogo wake, aliyekuwa mpambaji wa waigizaji, alimwinamia sikioni akimpaka poda.

"Dada, usikasirike. Nimewasikia. Sauti yako wanaitoa. Wamempata binti wa redioni, ataingiza yake juu ya mdomo wako."

"Yote?"

"Tangu mwanzo."

Moyo ulimpasuka. Afadhali wangemnyima kazi! Uso wake kwenye mabango, koo la mtu mwingine? Akamwendea mwongozaji palepale, poda nusu uso.

"Mama, sauti yako inakwaruza," mwongozaji akasema bila haya. "Watazamaji wanataka kitu laini. Shukuru, sura tunakuachia."

"Ahsante kwa sura," akajibu, akaenda kusimama kizimbani.

Mahakama yenyewe ilikuwa ukumbi wa kuazima, na wenyewe walitaka funguo zao saa sita. Ilikuwa saa tano. Kamera ikawaka. Mkwaruzo, mwenye hotuba ya kurasa mbili, akamtazama hakimu, akamtazama binti anayetetewa, machozi yakamlengalenga. Mdomo akaufunga ndi.

"Kata! Umesahau maneno?"

"Ninayo yote."

Wakarudia. Ndi. Wakarudia tena. Ndi.

"Mama, unatukomoa!"

"Nawakomoa, ndiyo. Mwiteni huyo wa redioni aje aseme kwenye mdomo uliofungwa."

"Hutapata kazi tena mji huu!"

"Nimeshakuwa maiti, mwanangu. Utanishusha wapi tena?"

Mpiga picha akacheka, akajifanya anakohoa. Mwongozaji akatazama saa, akatukana kimoyomoyo, kisha akaandika nyuma ya karatasi: sauti ni ya mwenyewe, filamu nzima. Akatia saini. Mkwaruzo akaisoma mara mbili, akampa mdogo wake aikunje vizuri.

Ndipo akafungua mdomo. Alisema kurasa zote mbili kwa sauti ya chini, kavu, yenye magamba, na aliyeigiza hakimu akashindwa kuinua macho.

"Tuirudie," mwongozaji akasema, akijikaza. "Kuna mahali umekwaruza."

"Nimekwaruza mahali pote," akasema Mkwaruzo, akishuka kizimbani. "Mama huyu ndivyo anavyosema. Wapeni wenyewe funguo zao."