Skrubu ya Saa ya Mzee Enos

Bisibisi iliruka saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi. Hyasinta alisikia mkwaruzo mdogo, akaiacha mikono yake palepale ilipokuwa. Hakuthubutu hata kupumua. Chini ya lenzi aliyoibana jichoni kulikuwa na springi nyembamba kama unywele, na springi hiyo ikipinda, saa imekwisha.

Springi ilikuwa salama. Skrubu ndiyo iliyoumia. Ule mfereji wa kichwani, ambamo ncha ya bisibisi hukaa, ulikuwa umelika upande mmoja. Akijaribu tena na kuteleza tena, hakutabaki pa kushika.

Aliweka bisibisi mezani, akafuta viganja kwenye kitenge. Alikuwa fundi saa hapa Musoma mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko, na jasho la namna hii halikuwa limemtoka tangu siku za kujifunza.

Saa ililetwa jana yake na Bibi Rhobi, mama mmoja wa Butiama aliyekuja ameifunga kwenye leso. Ilikuwa ya mumewe, Mzee Enos, aliyekuwa karani wa kiwanda cha pamba kule Bunda. Siku hizi mzee kumbukumbu zimemtoka. Watoto wake anawaita kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

"Ila jioni nikimwekeaga hii sikioni, anatulia," Bibi Rhobi alisema. "Anakula, analala. Sasa imesimama wiki nzima. Hali chakula, mwanangu. Anazunguka uani anaitafuta, na nikimpa anaitupa kwa sababu hailii. Juzi tumemkuta barabarani, anasema anawahi zamu."

"Njoo Ijumaa, bibi," Hyasinta alimjibu. Alisema haraka, kwa huruma, kabla hajaifungua.

Alipoifungua alikuta kutu. Skrubu inayoshikilia gurudumu linalocheza huku na huku na kuipa saa mlio wake ilikuwa imegandiana na chuma chake. Lakini kutu haikuwa na kosa, na hilo alilijua vizuri. Kosa lilikuwa la bisibisi yake. Kwa miezi mingi alikuwa akiitumia kubandulia mifuniko ya saa za betri na kukwangulia gundi, mpaka ncha ikawa mviringo kama ulimi. Jiwe lake la kunolea lilivunjika mwezi wa nne. Kila wiki alisema atatafuta jingine.

Alijaribu bisibisi mpya za seti aliyonunua karibuni. Ya kwanza ilikuwa pana, haikuingia mferejini. Ya pili iliingia ikalegalega. Alipoijaribu kwenye skrubu ya saa mbovu, ncha ilijikunja kama bati.

Simu ikaita. Bibi Rhobi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nauliza tu, mama. Inaendeleaje?"

Hyasinta aliitazama ile saa, tumbo wazi juu ya karatasi nyeupe. "Inaendelea vizuri," alisema.

Alikata simu. Akaifunika mashine ya saa kwa glasi, akakibana kila kitu kwenye kopo lililojaa pamba, akamwomba mwenye duka amwangalizie meza. Saa sita alikuwa njiani kwenda Bunda, kopo limelala mapajani kama yai.

Alikuwa anakwenda kwa Baltazar, fundi aliyemfundisha kazi. Hakuwa amemtembelea tangu aanze kujitegemea, na hilo nalo lilimsumbua njia nzima. Alimkuta ameketi mlangoni kwake, macho yana ukungu. Alikuwa ameacha kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti naijua." Akainamisha sikio. "Hyasinta. Umeharibu nini?"

Alimweleza yote bila kupunguza. Mzee Baltazar alinyoosha mkono, akaomba bisibisi. Akaipitisha ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba, taratibu, mara mbili.

"Hiki ni kijiko," alisema. "Nilikufundisha hivi?"

"Hapana, mzee."

"Nani amekufundisha basi?"

Mzee aliingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na boksi la bati. Ndani mlikuwa na jiwe la kunolea, chupa ndogo ya mafuta na skrubu chache kuukuu za saa. Kwanza alimwagiza atie tone moja la mafuta kwenye skrubu kwa ncha ya sindano, kisha aiache. Mafuta yanahitaji saa mbili tatu kupenya kutu.

"Tukisubiri, unanoa."

Alinoa. Upande mmoja, halafu mwingine, kwa mwinamo uleule, akihesabu mivuto ili pande zisipishane. Kila baada ya muda mzee aliipima kwa ukucha na kuirudisha. "Bado. Sasa umeifanya kisu. Ncha kali inakata mfereji. Ikate kichwa iwe bapa, iende mpaka chini, ijae mlemle bila kucheza. Na upana uwe sawa na skrubu. Ukizidi utakwaruza pembeni, ukipungua utaitafuna katikati." Vidole vya Hyasinta vilikuwa vyeusi kwa mafuta na shingo ilimuuma. Mara mbili simu ilitetema mfukoni. Hakuitazama.

Saa kumi mzee aliirudisha bila kusema "Bado." Hyasinta akaibana lenzi.

"Usianze kufungua," Baltazar alisema nyuma yake. "Anza kama unakaza. Kidogo tu, kutu ivunjike. Ndiyo urudi. Na gandamiza chini, usiogope."

Aliogopa. Ncha ilishuka mferejini, ikakaa upande ule uliobaki mzima. Alikaza kidogo. Hakuna kitu. Aliongeza nguvu, akahisi chuma kikikataa. Halafu kukawa na kitu kidogo sana, kama punje ya chumvi inayovunjika. Akageuza mkono kurudi nyuma, na skrubu ikamfuata.

"Imetoka?" mzee aliuliza.

Hyasinta alimshika mkono, akaiweka skrubu kiganjani mwake.

Kesho yake hakumngoja Bibi Rhobi Musoma. Alikuwa ameisafisha saa, amebadilisha skrubu kwa nyingine ya kwenye boksi la mzee, na ilikuwa inatembea tangu alfajiri. Alimpigia simu kumwambia kwamba anakuja mwenyewe. Pale Makutano alichukua bodaboda mpaka Butiama.

Mzee Enos alikuwa uani, mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote. Bibi Rhobi alipomwekea saa sikioni alisikiliza kwa makini. Kisha akaisukuma.

"Hii si yangu."

"Ni yako, baba Fredi. Isikilize."

"Yangu inasema polepole. Hii ya nani? Nimechelewa." Akaanza kuelekea langoni.

Hyasinta alielewa: uchafu ulipotoka, mlio umebadilika, umekuwa mkali na mwepesi. Hapo hapo akajikuta anasema, "Bibi, jana nilikudanganya. Nilikuwa nimeiumiza skrubu yake. Haikuwa inaendelea vizuri."

"Nilijua," Bibi Rhobi alisema. "Ulijibu haraka mno."

Alimfuata mumewe, akamshika kiwiko, akamrudisha bila kumbishia. Saa akaivaa yeye mwenyewe, mkono wa kushoto, ikamning'inia. Akaketi kwenye mkeka kuchambua maharage. Mzee alizunguka ua mara tatu, nne. Hyasinta alisimama na mkoba wake begani, hajui akae au aondoke.

Kwenye mzunguko wa tano mzee alisimama karibu na mkewe. Akainama, akauchukua mkono wa mkewe wenye saa, uliokuwa kwenye maharage, akauweka kwenye shavu lake kama mtu anayepima homa. Alikaa hivyo muda mrefu. Magoti yakakunjika polepole, naye akaketi mkekani, bado ameushika.

Bibi Rhobi hakuuvuta. Alionyesha kwa kidevu upande wa jikoni.

"Kuna uji kwenye sufuria, mwanangu. Nenda umchotee. Mimi mkono umeshachukuliwa."