Kaswida za Maalim Tajudin

Sylvanus Nyongesa alikuwa fundi wa mashine za kuchapisha pale Wandegeya, mzee wa kanisa, na mgonjwa wa santuri. Ugonjwa huo wa tatu haukuwa na dawa. Mwaka ule wa tisini na moja Kampala nzima ilikuwa imehamia kwenye kaseti, na watu walikuwa wanatoa santuri zao ndani kama wanavyotoa kunguni. Nyongesa alizipokea kwa mikono miwili. Mkewe, Loice, alishasema mpaka akachoka kwamba chumba ni kimoja, na kwamba iko siku watoto watalala kwenye rafu na santuri zitalala kitandani.

Jumamosi moja alikuwa Kikuubo kwa Opio, muuza vitu vilivyokwisha tumika, akakuta sanduku la kaswida. Majalada kumi na mawili, yote yana picha za misikiti na mwezi mwandamo. Mtu mwingine angepita. Lakini Nyongesa haachi santuri kabla hajaichomoa na kuitazama mikwaruzo yake juani, basi akaichomoa ya kwanza. Roho ikamruka. Kaswida wapi! Ilikuwa rumba. Ya pili, dansi la Nairobi. Ya saba ilikuwa albamu ya kwanza ya Kisima Jazz, ambayo aliisaka miaka kumi na mmoja, kuanzia Kisumu mpaka Jinja, asiipate.

"Hiyo ya dini, ssebo," Opio akasema. "Mama moja ameleta. Mimi napatia wewe bei ya dini."

Hapo mtu mwaminifu angesema neno. Nyongesa alikohoa, akasema dini ni dini, akalipa bei ya dini, akatoka mbio asije akaitwa nyuma.

Nyumbani akagundua dosari ambayo furaha ilimficha. Kisima Jazz, upande wa pili, wimbo wa kwanza, "Nimekungoja Barazani", ulikuwa umelika. Nyimbo nyingine zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa. Huo mmoja ulikuwa wa kijivu, umepigwa na kupigwa kwa sindano butu, na kwenye ubeti wa tatu unaruka. Nyongesa alimlaani huyo mtu asiyemjua. Unapewa lulu, unaitumia kama kikaango!

Loice aliuliza tangu lini mzee wa kanisa ananunua kaswida. Nyongesa akajibu kwamba ni vizuri kuwajua majirani.

"Zaburi zenyewe zimekushinda, Baba Celestine," Loice akasema. Lakini santuri zilipoanza kulia alikuwa anakanda unga wa chapati, na mabega yake yakaanza kwenda yenyewe.

Alhamisi ikapigwa hodi. Alikuwa Maalim Tajudin, mwalimu wa madrasa ya nyuma ya soko, kanzu nyeupe pe. Nyongesa alimfahamu vizuri. Alishamchapishia vyeti vya wanafunzi wake. Tena Ijumaa iliyopita mtaa mzima ulimsikia kwenye kipaza sauti akiusema muziki wa baa, mpaka baa zenyewe zikapunguza sauti.

"Bwana Nyongesa," Maalim akasema alipokwisha kukaa, "Opio ameniambia kaswida zangu ziko kwako. Mke wangu, Mariamu, aliziuza nilipokuwa Jinja mazishini. Hakujua zina thamani gani kwangu. Nakuomba unirudishie, nami nitakulipa ulichotoa na zaidi."

Moyo wa Nyongesa ukashuka mpaka kwenye kandambili. Kukubali ni kuipoteza Kisima Jazz. Kukataa ni kumkatalia Maalim kaswida zake mwenyewe.

"Ni kaswida nzuri sana," akasema, akitafuta muda. "Zimenigusa."

Maalim akakaa wima. "Kumbe umezisikiliza?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Loice akaingia na sinia la chai. "Karibu chai, Maalim. Na kaswida zenu zinachezeka! Ile ya mama anayengoja barazani mimi nimeshaijua yote."

Hata chai iliona aibu. Nyongesa aliitazama dari. Maalim alivua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

"Basi nitasema kweli," akasema. "Mwaka wa themanini na tano, uporaji ulipoanza, nilizitia santuri zangu kwenye majalada ya kaswida, na gramafoni nikaificha darini. Waporaji walichukua kitanda, masufuria, hata mlango. Kaswida hawakugusa. Vita vilipoisha gramafoni ikashushwa, lakini nami nikakabidhiwa madrasa ya marehemu baba. Ningezitoaje tena? Hata Mariamu hajui kilichomo. Naona haya, Bwana Nyongesa, lakini ule ni ujana wangu wote. Nirudishie."

Nyongesa alimhurumia, lakini alijihurumia zaidi. Akaichomoa Kisima Jazz.

"Chukua kumi na moja, Maalim, niachie hii. Hii uliitesa, haikufai tena."

"Sikuitesa. Niliinunua mwaka wa arusi yetu, nikaipiga mara chache. Tangu uporaji sijaigusa."

"Basi yuko aliyeigusa." Ufundi ulimpanda Nyongesa, akasahau hata uroho wake. Akaipeleka dirishani. "Tazama huu mduara wa kijivu. Mikwaruzo hii ni mipya, haijashika hata vumbi. Ni ya mwaka huu. Mtu alikuwa anaweka sindano papa hapa, wimbo huu huu, na nyingine hana habari nazo."

Maalim akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwezi uliopita," akasema polepole, "Mariamu aliniomba niipeleke gramafoni kwa fundi. Alisema imekufa. Nikamwambia ife, nani anaitumia?" Akainua kichwa. "Alijuaje kwamba imekufa?"

Loice alijifanya anatafuta sukari, nayo ilikuwa mbele yake.

"Mimi hutoka alfajiri," Maalim akasema, "nikarudi baada ya isha. Kila siku." Kisha akacheka, akacheka mpaka macho yakajaa machozi, na hakuyafuta. "Nipe hii moja. Hizo kumi na moja kaa nazo."

Nyongesa alijisikia kulia. Aliyoitaka yeye ni moja tu, na ndiyo hiyo! Mkono ulikataa kuachia. Loice akamkanyaga mguu, mkono ukaachia.

"Chukua na jalada, Maalim. Watu wasione."

"Nimfiche nani tena?"

"Na fundi atakayekuwekea sindano mpya mwambie mapema," Nyongesa akasema kwa uchungu, "huo wimbo umeharibika. Ubeti wa tatu unaruka."

Maalim aliikumbatia santuri kifuani, nyeusi juu ya kanzu nyeupe, akatoka nayo mchana kweupe kuelekea sokoni.

"Acha uruke," akasema akiwa mlangoni. "Mwenyewe anajua unaporuka."