Magnesiamu ya Nthenya, Manjano ya Wangechi

"Kwa hivyo mimi ni muongo?" Wangechi aliuliza, mkono kiunoni, mlangoni mwa duka lake hapa Nunguni.

"Sijasema hivyo. Nimesema manjano ni ya pilau," Nthenya akajibu, akitikisa kichupa chake cha magnesiamu. "Misuli inataka hii. Meza moja jioni, asubuhi unaruka."

"Unaruka ukienda choo! Jirani Kilonzo si ulimpa, akashinda huko siku nzima?"

Mimi nilikuwa nimekalia kreti ya soda katikati yao, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Aliyeleta kesi ni Mbithe, jirani yetu mjane. Juzi kikundi chetu cha mwethya, cha kulimiana kwa zamu, kilichimba mitaro kwa mwenzetu Nyamai, na tangu hapo mapaja ya Mbithe yalikuwa yamekaza, hata kuketi akashindwa. Na kesho ilikuwa zamu ya shamba lake, sote kumi na wanane, mvua ikinukia. Sheria yetu anaijua kila mtu: mwenye shamba asiposhika jembe, na yetu hayashikwi.

Jana alimeza vidonge vya Nthenya. Leo asubuhi akanywa manjano ya Wangechi. Sasa alikuwa ameegemea nguzo, akisubiriwa atoe hukumu.

"Sema ukweli, Mbithe. Gani imesaidia?" Wangechi akauliza.

"Zote zimenichoma tumbo."

"Yangu ulimeza baada ya kula?" Nthenya akauliza.

Mbithe akaangalia viatu vyake. "Nilimeza na chai."

"Na yangu?" Wangechi akadakia.

"Chai pia. Ya rangi."

Hapo mdomo wangu ukaniponyoka. "Si nilikuona Jumatatu ukitwanga mahindi ya muthokoi, debe zima?"

"Hiyo ni yenu ya kesho," akasema polepole. "Na ndengu ni yenu. Mnakuja wengi, na sitaki isemwe mlitoka kwangu na njaa."

Aiya.

Nthenya akatumbukiza kichupa kwenye mkoba. "Tangu lini unachimba na chai, mwaitu, mama yangu?"



"Kesho mimi naleta sufuria ya kabeji na viazi," Wangechi akasema kwa ukali, kama mtu anayegombana bado. "Nthenya ataleta nyama, aache kuleta vichupa."

"Naleta," Nthenya akasema.

Wangechi akafungua mlango wa nyuma ya kaunta, na harufu ya githeri ikatufikia.

"Mbithe, ingia. Hapana, usiniambie umeshiba. Ingia ule."