Siku Pampu Ilipokwenda Harusini

Kilichonishtua asubuhi ile ni ukimya. Umeme ulikuwa umekatika kidogo na kurudi. Friji ilianza tena kuunguruma, redio ya Mama ikaendelea na mawaidha, lakini upande wa tangi la samaki hakukusikika kitu. Nilikuwa namlisha Saida uji. Niliacha kijiko ndani ya bakuli, nikamweka mtoto kiunoni, nikaenda kuangalia.

Tangi letu liko sebuleni, hapa Kilwa Masoko, kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Mwanaima, ninayemwita Mama. Mume wangu, Jafari, alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya kabati la duka lililofungwa, akavibandika kwa gundi, tukalijaza maji ya bahari. Samaki wake ni wa miambani: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao hawabanduki kwenye ua lao la baharini lenye vidole laini, na wengine wadogo wa buluu. Saida ana mwaka na nusu, na akiamka hukisalimia kioo kabla hajanisalimia mimi.

Lakini kioo kile kilikuwa kimeshapewa onyo. Mwaka jana tulikwenda msibani Milola, huku nyuma umeme ukakatika, pampu ikasimama, na tuliporudi majirani walitupokea wameziba pua. Mama alifua mapazia, akafua tena, shombo haikutoka. Akamwambia Jafari mbele yangu, bila hasira, kwamba samaki wakifa tena ndani ya nyumba yake, kioo kinatoka. Mama hasemi jambo ili kutisha watu. Akisema, ujue ameshaamua.

Sasa pampu imesimama tena, na wale wa buluu walikuwa wameshapanda juu, midomo inagusa uso wa maji, wanahema.

Sikuogopa sana. Tangu msiba ule nilikuwa nimejiandaa. Nilichomoa plagi ya pampu, nikachomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, simu ikaanza kuchaji. Basi umeme upo, ubovu ni wa pampu yenyewe. Nikaitoa majini, nikafungua kifuniko. Ndani kuna kifeni kidogo chenye sumaku, ndicho kinachosukuma maji, na ubavuni mwake nikamkuta konokono mdogo amenasa. Nilicheka peke yangu. Nikamtoa, nikasugua ukoko wa chumvi kwa mswaki wa zamani na maji ya ndimu, nikasuuza vizuri, nikarudisha, nikachomeka. Pampu ikavuma kama nyuki kwenye kopo, halafu kimya. Nilipofungua tena niliona kile kijiti ambacho kifeni hukizunguka kimevunjika katikati.

Niliwaza kutia msumari mahali pake, nikaacha. Chuma kwenye maji ya chumvi huoza, na samaki ndio wanaoilipia kutu. Lakini haikuwa neno. Chini ya kitanda nilikuwa na pampu ya akiba, mpya kabisa, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Nikaivuta ndoo. Ilikuja nyepesi, nikajua kabla sijafungua.

Mama alikuwa uani anakausha hina ya mikononi. Siku hiyo Bi Hamida, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anamwoza binti yake Fauzia, na Mama ndiye somo wa bibi harusi. Ndiye aliyemfunda, na ndiye wa kumshika mkono kumpandisha jukwaani mbele ya wanawake wote. Nikamwuliza habari za ndoo kwa sauti ile ya kumwuliza mkwe, ya kuzunguka.

"Nilimwazima Hamida," akasema. "Mpambaji alitaka kitu cha kurusha maji jukwaani. Si ilikuwa imekaa tu?"

Na kweli ilikuwa imekaa tu. Kazi ya kitu cha akiba ndiyo hiyo, kukaa. Lakini utamwambia nini mtu aliyeombwa na jirani mwenye harusi? Hapa kwetu siku kama hiyo sufuria, mikeka, viti, hata mapazia huhama nyumba, na anayenyima husemwa mpaka na wajukuu. Ningeombwa mimi ningetoa vilevile. Nikamwambia tu kwamba pampu ya tangi imekufa, na samaki wanatafuta hewa.

Mama aliinuka, mikono ameinyoosha mbele kama aliyebeba sinia, akaja sebuleni, akatazama. Alianza kwa wale wa buluu, akamalizia na kioo chenyewe. Nikakumbuka onyo lake.

Nikamfunga Saida mgongoni, nikaenda kwa jirani. Abdulatifu, mpambaji, kijana aliyerudi kutoka Dar na miwani ya jua, alikuwa ameunda chemchemi pembeni ya kiti cha bibi harusi: beseni, maua ya plastiki, na katikati maji ya rangi ya waridi yanaruka. Nilipomweleza hakubisha hata kidogo. Alizima, akaichomoa pampu, akanipa inachuruzika.

"Chukua, sista, harusi haivunjiki kwa maji," akasema. "Iko freshi kabisa. Nimetia marashi na rangi ya keki tu."

Niliinusa. Ilinukia mpaka kwenye waya. Ningeisuuza mchana kutwa marashi yale yangebaki kwenye plastiki, na kwa maji machache kama ya tangi langu sikuthubutu kuwajaribia samaki. Nikamrudishia, nikamwambia arushe maji yake, samaki wangu hawakualikwa. Akacheka, akaahidi hatamwambia mtu kwamba nimekataa mali yangu mwenyewe.

Palepale mlangoni nilimpigia Jafari, ambaye alikuwa Mtwara na lori. Naye akampigia Augustine, anayetuuzia vifaa Kariakoo, na jibu likarudi upesi: pampu atapewa kondakta wa basi linalotoka Dar, na itafika kabla ya magharibi. Kwa hiyo shida yangu ilibaki moja, hewa. Kwenye masomo ya jioni ninayohudhuria mwalimu alitueleza kwamba maji hupata hewa pale yanapogusana nayo, na kadiri yanavyovurugwa ndivyo yanavyoipata zaidi. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na pampu. Mikono nayo inaweza.

Nilichukua jagi ambalo halijawahi kutiwa mafuta. Nikachota maji ya tangi, nikayanyanyua, nikayamimina kutoka juu, yakatoa mapovu. Nikachota tena. Ni mwendo uleule wa kupoza uji wa mtoto. Baada ya muda mmoja wa buluu alishuka kidogo, lakini nikipumzika tu, anapanda. Bega likaanza kuwaka, na huko mgongoni Saida anadai uji wake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alitoka, nikasikia maji bombani. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, hina ameiosha kabla haijakolea, imeacha rangi ya chai ya maziwa.

"Lete hapa," akasema. "Unamimina kama unamwagilia mchicha."

Nilimwomba vidole vyake visiguse maji, kwa sababu ya hina na udi.

"Mikono iliyomlea mumeo leo ina sumu?"

"Kwa samaki tu, Mama."

Akaguna, akashika jagi. Na kweli alikuwa ananizidi. Aliyanyanyua maji juu kuliko mimi, akayaachia kwa uzi mwembamba usiokatika, hakuna tone lililoanguka nje. Nikamlisha Saida, kisha nikampokea Mama jagi, naye akanipokea, na adhuhuri ikatukuta hivyo.

Mchana ngoma zilianza upande wa pili wa ukuta. Bi Hamida alituma mtu, Mama akajibu anakuja. Akatuma mwingine. Mwisho akaja mwenyewe, gauni linameremeta, akaeleza kwamba watu wameshakaa na Fauzia analia, hapandi bila somo wake. Nikamwambia Mama aende, nitaweza peke yangu. Bega langu lilijua kwamba nadanganya.

"Fauzia nimeshamfunda," Mama akasema, jagi likiwa juu. "Kupanda jukwaani anaweza. Hawa nikiwaacha hawajui kuhema."

Bi Hamida alimtazama yeye, akatazama tangi, akatazama ukuta ambao nyuma yake maji ya waridi yalikuwa yanaruka. Nilidhani atakasirika. Alitoka, na punde akarudi na bibi harusi mwenyewe, shela, dhahabu na machozi, ndani ya sebule yetu yenye sakafu iliyolowa. Mama akanikabidhi jagi, akajifuta, akamshika Fauzia mkono. Alimtembeza kutoka kwenye tangi mpaka kizingitini, akimnong'oneza maneno ambayo hayakunihusu, akamwombea dua, akamkabidhi kwa mama yake. Halafu akarudi kudai jagi. Baadaye kidogo tulisikia vigelegele upande wa pili wa ukuta, yeye akiwa anamimina. Hakugeuza kichwa.

Basi lilifika jua likiwa bado lipo, na bodaboda akaniletea boksi mpaka mlangoni. Niliisuuza pampu kwa maji ya bahari niliyokuwa nimeyaweka akiba, nikaizamisha na kuiinamisha mpaka hewa yote ikatoka ndani yake, kwa maana ikibaki hewa itazunguka bure. Nikachomeka. Sauti ilirudi. Maji yakaanza kutembea, lile ua likafungua vidole vyake, na wale wa chungwa wakajisugua humo kama wanaorudi kitandani. Wa buluu wakashuka mmoja mmoja.

Mmoja hakushuka. Nilimwona nyuma ya jiwe, amelala ubavu kwenye mchanga. Nikamtoa kwa wavu, nikamweka kiganjani, sikuwa na pa kumficha. Mama alikuwa ameketi kando yangu na kanga yake ya harusi imelowa mpaka magotini. Nikasubiri aseme habari ya kioo.

Alimtazama yule samaki.

"Huyo alikuwa mzee," akasema.

Hakuwa mzee. Tulimkamata masika iliyopita akiwa mdogo kama ukucha, na Mama alikuwepo siku tulipomleta.

"Mama, huyu ni wa juzi tu."

"Nimesema alikuwa mzee. Kamzike." Akasimama, akajinyoosha mgongo, akachukua buibui lake. "Na unipe mtoto. Nikamlishe pilau kabla Hamida hajaosha masufuria."

Nikampa Saida. Mlangoni mtoto aligeuka, akakipungia kioo mkono, na Mama akasimama kumngoja amalize.