Muvi Iliyolowesha Kitanda cha Muhidin

Careen alikuwa na banda la muvi karibu na stendi ya Same, katikati ya fundi cherehani na mama muuza mihogo. Ndani mlikuwa na kompyuta, feni iliyozunguka inapojisikia, na televisheni ya kuwaonyeshea wateja. Watu walileta flashi, yeye akawajazia: za Kikorea, za Kihindi, za mapigano zilizotafsiriwa. Na kila flashi, kabla hajaichomoa, aliiongezea muvi moja ambayo mteja hakuiomba.

"Hii ni ya nyongeza," alikuwa akisema. "Wengi hawaijui. Wewe kaa nayo kidogo tu pale mwanzo."

Hakuna aliyekaa nayo. Walifika nyumbani wakaifuta ili wapate nafasi.

Careen alizipenda muvi zilizokosa watu. Alikuwa na moja ya dereva wa lori anayesafirisha jeneza kutoka Tunduma kwenda Bukoba, na nyingine ya ndugu wawili wa kike wanaopikia jiko moja miaka yote bila kusemeshana. Lakini aliyoipenda kuliko zote iliitwa *Zamu ya Asubuhi*. Ilipigwa zamani kidogo, milimani, kijijini kwao mwenyewe, na watu waliopanda na gari moja na kamera, wakaondoka, wasisikike tena. Ndani yake msichana anaamka alfajiri, anakwenda kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji lililokusanya maji ya mlima, anaondoa kizibo, na maji yanashuka mferejini kwenda mashambani kwa zamu. Kisha kuna kikao cha kijiji. Kisha jioni inaingia. Basi.

Msichana huyo alikuwa Priska, mama yake Careen, kabla hajaolewa.

Mama Priska hakuwahi kuitazama. Siku hizi aliishi Same kwa bintiye, kwa sababu ile ndiva ilikuwa imezungushiwa uzio, maji yake yakaelekezwa kwenye shamba la hoho na nyumba za wageni za mtu mmoja. Migomba ya mama ilikauka, tangawizi ikakauka, naye akashuka tambarare.

Jumatano moja asubuhi Muhidin, dereva wa bodaboda, alirudi bandani na flashi yake mkononi.

"Dada Careen, ile muvi yako imenilowesha kitanda."

"Muvi ipi?"

"Ile ya nyongeza. Jana mchana nimejilaza, za mapigano zikaisha, ikajianzia yenyewe. Naamka, maji yanamwagika kutoka kwenye tivii."

"Maji yenyewe masafi?"

"Masafi, tena ya baridi. Mama watoto ameshafulia." Muhidin akajikuna shingo. "Ila ungeniambia mapema ningetega ndoo."

Careen akamwomba radhi. Kisha akamuuliza ameionaje ile sehemu msichana anaposimama kidogo kabla ya kuvuta kizibo, kama mtu anayesikiliza. Muhidin akasema hakuiona, alikuwa anahangaika kuinua godoro.

Mji wa Same unajua kiu, kwa hiyo habari haikuchukua muda kuenea. Kabla wiki haijaisha watu walikuwa wanapanga foleni kutoka mlangoni mpaka kwa fundi cherehani, kila mtu na flashi yake. Kwenye televisheni kubwa muvi ilijaza pipa. Kwenye ndogo ilijaza ndoo. Kwenye simu ilitoa kikombe kimoja cha chai, na waliokuwa safarini wakasema hicho nacho si haba. Usharika mmoja uliirusha ukutani kwa projekta, na wiki iliyofuata ukuta ukaota ukoka.

Careen hakujua afurahi au afanyeje. Alikuwa ameipigia debe muvi ile tangu anafungua banda, na sasa ilikuwa katika kila nyumba, mpaka Lembeni na Kifaru. Akawa anawauliza wanaorudi.

"Umeionaje?"

"Inatoka vizuri," walimjibu.

Alipochunguza aligundua hakuna aliyeitazama. Wengi waliilaza televisheni kifudifudi juu ya beseni, maji yasitawanyike. Wengine waliikata, wakabaki na kile kipande cha ndiva, kinajirudia kutwa. Walioicheza yote walikuwa na lalamiko moja: ile sehemu ya kikao ilikuwa kavu. Haikutoa maji, ilitoa maneno matupu. Na kwa kuwa walisubiri hapo na ndoo mkononi, bila kazi nyingine, waliyasikia.

Katika kikao kile kijana mwembamba mwenye shati jeupe anainuka mbele ya wanakijiji. Anasema ndiva ni ya kila mtu na haina mwenyewe, na atakayeizungushia hata kamba ya mgomba, kijiji kizima kimpinge, yeye akiwa wa kwanza. Watu wanapiga makofi. Anarudi kukaa.

Kijana yule alikuwa Fredrick, mwenye shamba la hoho na nyumba za wageni.

Kwa hiyo mji mzima ukajua. Waliozungumza juu ya jambo hilo walilizungumza wakiwa wanafunga vifuniko vya madumu, kisha wakabeba madumu yao wakaenda. Wengine walizima sauti pale.

Fredrick mwenyewe alikuja siku ya gulio, akiwa na pikapu yenye tangi kubwa jeusi la plastiki. Alikuwa amenenepa, kapendeza, na shati lake lilikuwa jeupe vilevile.

"Shikamoo, baba," Careen alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una muvi ya kwetu."

"Ninayo."

"Nijazie na mimi. Kiangazi hiki wageni wanaoga mno."

Careen aliichomeka flashi. Wakati inajaza, aliwasha televisheni ya bandani akasogeza hadi kwenye kikao. Fredrick alisimama, mikono nyuma, akajitazama mpaka makofi yalipokwisha. Watu wa foleni walimtazama yeye, kisha televisheni, kisha yeye tena.

"Nilikuwa na sauti," alisema. "Ningeendelea ningefika mbali."

"Yale uliyoyasema, baba…"

"Yepi?"

"Ya ndiva."

Fredrick alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma aliyepotea njia. "Mwanangu, ile ni muvi. Nilikuwa naigiza."

Akapokea flashi, akamshukuru, akawashauri waliokuwa kwenye foleni wasikose kuichukua, kwamba ni kazi nzuri ya nyumbani na ilisahauliwa bure. Pikapu ikaondoka. Yule wa mbele kwenye foleni akasogea.

Jioni Careen alimsimulia mama yake. Mama Priska alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuigiza," alisema. "Walinikuta nafungulia watu maji."

Kesho yake alikuja bandani kwa mara ya kwanza. Hakuja na ndoo. Careen akampa kiti mbele ya televisheni, na wenye madumu wakaombwa wasubiri nyuma, wakasubiri, ingawa kwa kuguna. Muvi ikaanza. Alfajiri ile ikaingia, msichana akapanda, akasimama, akasikiliza, akavuta. Maji yakashuka kutoka kwenye kioo, yakamfika mama miguuni, yakazilowesha ndala zake na pindo la kitenge. Hakuinua miguu. Mtu mmoja alijinyoosha atege dumu, mama akaurudisha mkono wake taratibu bila kugeuka.

Aliitazama yote, pamoja na kikao. Ilipokwisha akakamua pindo la kitenge.

"Mama, umeionaje?" Careen alimuuliza.

"Nzuri," mama alisema. "Ila nilikuwa nimekonda mno. Wale wa kamera hawakunipa chakula mpaka walipomaliza."

Akakung'uta ndala, akaaga watu kwa heshima, akaenda zake kabla jua halijawa kali.

Huko milimani uzio ulipakwa rangi mpya kabla ya wageni wa Krismasi. Kwenye mapokezi ya nyumba zile paliwekwa televisheni, inayotiririkia kwenye bwawa dogo lenye samaki wa mapambo.

Foleni ilipopungua Muhidin alirudi, na flashi ileile. Careen akamwambia anayo nyingine nzuri ambayo watu hawaijui, ya ndugu wawili wa kike wasiosemeshana, jiko moja, miaka yote. Muhidin akaifikiria.

"Na hiyo inatoa nini?"

Careen alikaa na mkono juu ya kipanya. Lilikuwa swali la haki kabisa.

"Sijui," alisema. "Mimi huwa naitazama tu."