Kofia ya Aflah

Asubuhi ya Maskati haibishi hodi. Mwanga unaingia dirishani, unapita katika kitambaa nilichokishika, na kila kiua nilichokitoboa kinaacha tone la nuru kwenye goti langu. Goti zima lilikuwa na madoa, Aflah, nami nikacheka peke yangu.

Nilikushonea kabla sijakugusa. Ndivyo tulivyolelewa, sisi tuliorudi Omani na Unguja ndani ya vinywa vyetu: bwana harusi huvaa kofia ya mkono wa mkewe. Mama alisema siku hizi watu wananunua za mashine, zimenyooka, na hakuna anayejua. Nikamwambia mimi nitajua. Nina ukaidi, na hilo ulikuwa bado hujalijua.

Sindano inaingia, sindano inatoka. Vitambaa viwili vya pamba nyeupe, kimoja juu ya kingine. Unatoboa, unauzungusha uzi ukingoni mwa tundu mpaka ukaze, unahamia tundu la jirani. Mshono wa kale, wa bibi wa bibi zetu, na haukubali haraka hata ukiusihi. Nilishona ofisini Al Khuwair saa ya chakula, wenzangu wakinitania kwamba wizara imefungua karakana. Nilishona garini, Qurum, nikimngoja mdogo wangu Shahad atoke kazini. Vidole vyangu vilichomwa hata nikazoea, na nilikuwa na furaha, Aflah, furaha ya kijinga isiyotaka sababu.

Nilikushonea kabla sijakugusa, na hapo ndipo penye kosa. Kichwa chako nisingeweza kukipima, hatukuwa tumeoana. Basi nikamtuma dada yako Kheiria aniibie kofia yako moja. Akaniletea ile uipendayo, iliyofuliwa ikatiwa wanga, ikafuliwa tena, miaka nenda miaka rudi. Nikaizungushia uzi, nikaubusu uzi ule kama mwendawazimu, nikashona kwa kipimo chake.

Kila msichana wa nyumba yetu anajua kwamba pamba mpya hurudi ikifuliwa, hupungua, na kipimo chake huongezwa. Hata mimi nilijua. Mapenzi yalinisahaulisha.

Siku moja kabla ya ndoa niliifua, nikaitia wanga, nikaivika bakuli lililofudikizwa ili ikauke na umbo lake. Nayo ikarudi. Mama akaitazama, akaniuliza kwa upole mbona ndogo. Nikaipima kwenye kichwa cha baba. Ikakaa utosini kama kifuniko cha birika. Baba akajitahidi asicheke, akashindwa, na mimi nikalia.

Kufumua kusingewezekana, muda ulikuwa umekwisha. Mama akanunua ya mashine, iliyonyooka, ya kukuenea. Nikampa Kheiria zote mbili akupelekee, nikamwambia akueleze kosa langu lote, uvae ile inayokufaa, yangu uiweke tu. Kilemba kingeifunika juu, nani angeona? Hivyo nilisema. Moyoni nilitaka uvae yangu, na niliona haya kulitaka jambo la kukuumiza.

Mkafunga ndoa msikitini, wewe na baba yangu na wanaume wote. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani na udi na vigelegele, nami kwenye kiti, hina mikononi, nikiuwaza kilemba chako. Nilikuwa mke wako tayari, na sikujua umevaa nini kichwani.

Ukaingia kunipa mkono. Shangazi zangu wakazunguka, wakaomba dua, kisha wakatuachia chumba kwa dakika chache kama ilivyo ada. Ukakaa. Ukafungua kilemba taratibu, na chini yake ilikuwepo yangu, imebana, imepanda. Ulipoivua, paji la uso lilikuwa na mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio.

"Si nlimwambia Kheiria usivae?" nikasema.

"Kanambia," ukajibu. "Nyengine ilinienea, lakini hukuishona wewe."

Ukaanza kuchomoa uzi mmoja uliolegea kwenye pindo la shela langu, mrefu, mweupe. Ukauweka kiganjani mwangu, juu ya hina. Ukainamisha kichwa.

"Basi ya pili pima mwenyewe."

Nikauzungusha uzi. Nywele zako zilikuwa na joto na harufu ya udi. Mshipa ulikuwa ukipiga kando ya jicho, nao ulipiga kwenye kidole changu. Ncha mbili za uzi zikakutana juu ya ule mstari mwekundu. Nikafunga fundo kuweka alama, uzi ukateleza, fundo likafunguka, kipimo kikapotea.

Hukuinua kichwa. Nikapima upya.