Miguu ya Herufi za Zagabe

Tangu kiharusi kiulegeze mkono wake wa kulia, Zagabe hakuwa ameandika kibao cha duka hata kimoja, ingawa nusu ya maduka ya mtaa wa Cimpunda bado yalivaa herufi zake. Sasa kwaya ya parokia ilitaka bendera ya jubilei kwa mwandiko wake uleule, na mchapaji angesubiri mpaka saa sita mchana tu.

Binti yake Ariane alipiga picha za vibao vya zamani, akachora upya kila herufi katika programu ya kuunda fonti, akatoa faili. Kisha akachapa mstari mmoja kwenye karatasi, akampa baba yake.

Zagabe aliitazama, akairudisha.

"Iko muzuri. Lakini si mimi. Jina langu musiliweke."

Ariane alinywea. Georgette, mama yake, hakujua kubembeleza. Aliichukua karatasi, akamvuta binti mpaka kwenye ukuta wa duka la dawa la jirani, penye herufi za mumewe.

"Angalia M. Kwa ukuta iko na miguu minene. Wewe umeinyoa."

"Maman, niliisafisha. Ilikuwa kama rangi imemwangika."

"Imemwangika wapi? Papa yako anaanzaka chini, anapanda. Rangi mingi inabaki kwa mguu, juu haibakie rangi ya kuteremuka. Miaka yote nilikuwa namushikia ngazi, na wewe unaniambia imemwangika!"

Ariane alicheka, akarudi kwenye kompyuta. Georgette alisimama nyuma yake, akamwona akivuta vinukta kwenye kingo za herufi, moja baada ya nyingine, miguu ikinenepa, vichwa vikikonda. Alishangaa: mkono wa mumewe uliolala kitini sebuleni ulikuwa unafanya kazi hapa.

"Fanya mbio," ndilo alilosema.

Saa tano na nusu faili mpya ilitoka. Zagabe alisogeza karatasi iliyochapwa upya karibu na macho. Kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kupanda kwenye M, kutoka chini.

"Hii R," akasema, "siku niliiandika kwa ukuta, mvua ilikuwa inakuya. Niliikimbiza."

"Niirekebishe, papa?"

"Acha. Iko yangu." Akamgeukia mkewe. "Mama Ariane, jina langu baliandike kubwa."

"Litakuwa kadogo. Kitambaa iko na mwisho."

Na akamsukuma Ariane mlangoni na flashi yake, aende kwa mchapaji.